Kinundu cha tezi ya shingo ni kansa au siyo? Mwongozo kamili wa kutumia alama za tishu, toka chumba cha upasuaji mpaka majibu

Wadau wa maabara na upasuaji wa huku Kusini, Mtwara na Lindi, hii naandika kwa ajili yenu, na kwa ndugu wa wagonjwa pia ambao mnashikaga karatasi ya majibu mkasoma maneno kama galektini na HBME-1 mkabaki mnaangaliana. Kazi yangu ya kila siku ni nta, slaidi na fomalini (dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze), na kinachoniuma ni kuona mgonjwa ametoka Tandahimba au Nachingwea, kapasuliwa shingo, halafu swali lake kubwa la kama hii ni kansa au siyo linakosa jibu, na siyo kwa sababu antibodi hazipo nchini, ni kwa sababu kinyama chenyewe kilishaharibika kabla hakijamfikia mtu wa kukisoma. Kwa hiyo msishangae nikikaa sana kwenye fomalini na kapsuli, yaani gamba linalozunguka uvimbe, kabla sijafika kwenye antibodi zenyewe.

Kabla ya yote, alama zinajibu swali gani

Vinundu vya thairoidi, yaani hii tezi ya shingo, ni vingi kweli, ukipitisha ultrasaundi utavikuta hata kwa watu ambao hawajui kama wanavyo, na vingi havina ubaya, kwa ujumla katika vinundu 100 vinavyochunguzwa ni kama 5 mpaka 15 ndo vinakuja kuwa kansa. Kazi ni kuvipata hivyo vichache bila kuwapasua shingo hao wengine wote.

Kansa zenyewe hazifanani. Papilari ndo inaongoza, inafuata folikula (ya vile vifuko vidogo vinavyojenga tezi) na ile ya seli za onkositi (seli kubwa zenye punjepunje), medula inatokea kwenye seli C zinazotengeneza kalsitonini, na anaplastiki ndo mbaya kuliko zote, inakuja zaidi kwa wazee na inakua ndani ya wiki chache tu. Upande wa zisizo kansa kuna goita ya vinundu, adenoma ya folikula, na tezi yenye Hashimoto, ambayo kinga ya mwili inaishambulia. Sehemu zenye upungufu wa madini ya aidini kansa ya folikula huwa na fungu kubwa zaidi kuliko sehemu zenye aidini ya kutosha, na sisi tunaojua chumvi ya mashamba ya Lindi, Kilwa na Mtwara inavyouzwa, nyingine bila kuwekewa aidini, hilo tukae nalo kichwani tunapokaa kwenye hadubini.

Sasa alama za tishu ni nini. Ni protini zilizomo ndani ya seli au kwenye utando wake, tunazitafuta kwa antibodi, antibodi ikishika tunaona rangi ya kahawia, isiposhika seli inabaki na bluu ya hematoksilini, basi, kipimo chenyewe tunakiita IHC. Seli za kansa ya papilari huwa zinatengeneza kwa wingi protini fulani ambazo seli ya kawaida ya tezi haina au inazo kidogo, na kuna nyingine zinazipoteza. Hilo ndo tunalolitumia. Ila lazima lieleweke mapema, kansa ya folikula inatofautishwa na adenoma kwa kitu kimoja tu, seli kutoboa kapsuli au kuingia kwenye mshipa wa damu, na hakuna galektini wala HBME-1 inayoweza kukuonyesha hilo kama kapsuli haipo kwenye slaidi.

Hatua ya kwanza: sindano, na usiitupe iliyobaki

Mgonjwa anaanza na TSH (kipimo cha damu cha homoni inayoiamrisha thairoidi) na ultrasaundi. TSH ikiwa chini sana kinundu kinaweza kuwa kinatengeneza homoni chenyewe, na vya namna hiyo mara chache sana kuwa kansa. Kwenye ultrasaundi cha kuogopa ni kinundu cheusi kuliko tezi inayokizunguka, kirefu kuliko upana, kingo zake hazieleweki, kina chembe ndogondogo za kalsiamu.

Sindano iwe nyembamba, geji 23 mpaka 25. Slaidi za kwanza ziache zikauke kwa hewa kwa ajili ya rangi ya Gimsa, nyingine ziingize hapohapo kwenye alkoholi ya asilimia 95 kwa ajili ya rangi ya Papanikolau, na hapohapo maana yake sekunde, huku kwetu na feni ya dari inavyozunguka slaidi inakauka kabla hujageuka. Sampuli inahesabika imetosha ikiwa na mafungu 6 ya seli za folikula na kila fungu lina seli 10 au zaidi zinazoonekana vizuri. Halafu kile kinachobaki kwenye sindano kisuuze ndani ya kichupa chenye fomalini ya bafa (iliyotiwa chumvi za kuzuia asidi), zungusha kwenye sentrifuji, kile kidonge cha chini kiende kwenye nta kama kinyama cha kawaida. Hiyo ndo seli bloku, na kwa alama za tishu ni dhahabu kwa sababu antibodi zetu nyingi zimejaribiwa kwenye kinyama cha fomalini, ukizipaka kwenye slaidi ya alkoholi bila kuzijaribu kwanza majibu yake usiyaamini.

Majibu ya sindano yanapangwa kwa mfumo wa Bethesda, makundi 6, toleo la tatu lilitoka mwaka 2023. Kundi la pili ni salama, la sita ni kansa, hapo hakuna mjadala mrefu. Kelele ziko kundi la tatu na la nne, seli zisizoeleweka na uvimbe wa folikula, na hapo ndo seli bloku yenye galektini-3 na HBME-1 inaweza kumsaidia daktari kuamua kama anafuatilia au anapasua. Msaada lakini, kapsuli haipo kwenye sindano.

Hatua ya pili: dakika za kwanza baada ya kutoka shingoni

Hapa nakaa kidogo.

Nitawaambia kinachotokea. Uvimbe wa sentimita 5 unasukumwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa yenye mdomo mwembamba, kwa sababu ulipotoka ulikuwa laini ukaingia, unamiminiwa fomalini ya kufunika tu, unakaa kaunta mpaka mtu apatikane wa kuupeleka. Ukifika maabara umeshakuwa mgumu, hautoki, tunapasua chupa kwa mkasi. Nje umeiva vizuri, rangi ya kijivu, ukiukata katikati bado mwekundu, umelainika, una harufu. Sehemu ya nje ikipakwa galektini inashika, ya katikati haishiki, sasa wewe unayesoma utasema hii hasi ni ya kweli au ni ya kuoza?

Fanya hivi. Chombo kiwe na mdomo mpana, ndoo ndogo yenye mfuniko inatosha kabisa. Fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama au zaidi. Kinyama kiingie ndani ya saa moja toka kutoka mwilini, kikae saa 6 mpaka 72, pungufu ya hapo katikati hakuivi, zaidi ya hapo antijeni, yaani zile protini ambazo antibodi inazishika, zinafungwa sana na baadhi ya antibodi zinadhoofika. Tezi kubwa mpigie mtu wa patholojia mkubaliane, mara nyingi atakuambia weka uzi wa alama kuonyesha juu na kulia, halafu mkato mmoja au miwili kwa kisu kikali ili fomalini iingie, bila kubandua kapsuli hata kidogo. Na msiweke kwenye salaini eti mtahamishia fomalini kesho.

Fomalini iwe ya bafa, hili wengi wanalipuuza kwa sababu ya gharama na wala siyo gharama. Kwa lita moja: fomalini kali ya asilimia 37 hadi 40 mililita 100, maji ya distili mililita 900, sodiamu daihidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji gramu 4, daisodiamu haidrojeni fosfeti isiyo na maji gramu 6.5. pH itakaa karibu na 7. Fomalini isiyo na bafa inageuka asidi, na asidi ikikutana na damu inaacha chembe za kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, kwenye kinyama, na thairoidi ni tezi yenye damu nyingi mno. Fikiria unatafuta rangi ya kahawia ya DAB kwenye slaidi ambayo tayari ina vidoa vya kahawia. Vaa glavu, fungua madirisha, fomalini yenyewe inasababisha kansa kwa mtu anayeivuta miaka.

Kama kuna kalsiamu ngumu ndani ya uvimbe na lazima ulainishe, tumia EDTA, dawa inayotoa kalsiamu taratibu, asidi kali zinaharibu protini tunazozitafuta.

Hatua ya tatu: kukata na kuleta kapsuli yote

Pima uzito, pima vipimo, paka wino wa nje, kata vipande vyembamba vya milimita 2 mpaka 3, vipange kwenye ubao kwa mfuatano, viangalie. Uvimbe wenye kapsuli uletwe na kapsuli yake yote, kila kipande kionyeshe uvimbe, kapsuli, na kidogo cha tezi ya nje. Kutafuta uvamizi ni kama kutafuta tundu kwenye neti, ukikagua upande mmoja ukasema nzima, mbu atakuja kukuonyesha upande wa pili. Najua kaseti ni pesa na prosesa, mashine ya kuandaa kinyama kwa ajili ya nta, ina nafasi chache, ila kama kuna sehemu ya kubana matumizi siyo hapa, bora upunguze antibodi mbili uongeze bloku sita za kapsuli.

Hatua ya nne: H&E kwanza, antibodi baadaye

Slaidi ya H&E (ile ya rangi za kawaida, hematoksilini na eosini) ndo inayoamua kama kuna swali la kuuliza. Papilari ya kawaida inajieleza, viini vikubwa vilivyopandana, katikati vimepauka, vina mifereji na vishimo, pengine na punje za psamoma (viduara vya kalsiamu), hapo andika majibu, usimtoze mgonjwa hela ya antibodi nne kuthibitisha unachokiona.

Panapohitaji alama ni hapa: uvimbe wenye kapsuli na mpangilio wa folikula ambao viini vyake vinakutia shaka bila kukushawishi, papila (vidole vidogo vya tishu) za ugonjwa wa Gravesi, ambao tezi inazalisha homoni kupita kiasi, au za goita, zinazojifanya papilari, Hashimoto yenye kisiwa cha viini vibaya, uvimbe wa seli zilizotawanyika usiojulikana umetoka wapi, na tezi la limfu shingoni lenye seli usizozielewa. Na toka mwaka 2016 kuna jina jingine limeingia, NIFTP, yaani uvimbe wa folikula usiovamia wenye viini vya kipapilari. Zamani uliitwa kansa, wataalamu wakaangalia wagonjwa waliofuatiliwa miaka mingi wakaona unavyotulia ukitolewa wote, wakaondoa neno kansa. Kwa mgonjwa tofauti hiyo ni kubwa, ni kuondolewa nusu ya tezi badala ya tezi nzima na dozi ya aidini ya mionzi juu yake. Ila sharti lake mojawapo ni kapsuli yote iwe imekaguliwa, kwa hiyo aliyeleta bloku mbili tu hawezi kumpa mgonjwa wake jina hilo.

Hatua ya tano: chagua antibodi kwa kundi, siyo mojamoja

Kundi la kuanzia ni tatu, galektini-3, HBME-1 na CK19, mimi naongeza CD56 kwa sababu yenyewe inakwenda kinyume na wenzake.

Galektini-3 inakaa kwenye saitoplazimu, yaani mwili wa seli nje ya kiini, na mara nyingine kwenye kiini. Kwenye papilari inashika kwa nguvu na kwa kuenea, kwenye kansa nyingi za folikula pia inashika. Tatizo lake adenoma kadhaa nazo zinashika, na Hashimoto inashika mahali mahali. Faida yake kubwa kwa labu isiyo na hela ya kontroli (slaidi za kulinganishia) nyingi ni kwamba makrofaji (seli zinazomeza uchafu) na seli za mishipa ya damu zinashika kiasili, kwa hiyo ukiona hata hizo zimebaki bluu ujue kipimo kimefeli.

HBME-1 ilitengenezwa mwanzoni kwa ajili ya seli za mesothelioma, kwenye thairoidi ikaonekana inafaa. Isome kwenye utando, hasa ule upande unaoangalia ndani ya folikula, unaona mstari wa kahawia umenyooka ukingoni mwa uwazi. Koloidi, ule ute uliojaa ndani ya folikula, ikishika rangi usiihesabu. Kati ya hizi tatu ndo mimi naiamini zaidi ikiwa chanya, kwa sababu vidonda visivyo kansa huwa haviishiki kirahisi, ila ikiwa hasi haimaanishi uko salama, na kansa za onkositi mara nyingi haziishiki.

CK19 ni keratini, ya saitoplazimu. Papilari inashika yote, kwa ukali. Lakini CK19 inashika pia, kwa unyonge na kwa vipande, kwenye Hashimoto, kwenye goita iliyovuja damu, na kando ya shimo la sindano ya wiki zilizopita. Nimeshasoma majibu yaliyoandikwa inaelekea kansa kwa sababu ya CK19 peke yake na hayo siyakubali, CK19 pekee bila wenzake haina uzito.

CD56 seli za kawaida za tezi zinayo kwenye utando, adenoma na goita zinayo, papilari inaipoteza. Kwa hiyo hapa hasi ndo ya kuogopa.

Kuna na BRAF V600E, antibodi yake ni kloni ya VE1, inatambua protini iliyobadilika yenyewe. Mabadiliko hayo yapo kwenye karibu nusu ya kansa za papilari na hayapo kwenye adenoma wala kansa ya folikula. Ikishika vizuri umepata papilari, na kama ulikuwa unafikiria NIFTP lifute. Isiposhika hujapata kitu, unarudi kwenye viini.

Za kutambua asili ni kundi jingine kabisa na watu wanazichanganya. TTF-1 na PAX8 za kwenye kiini, na thairoglobulini, zinakuambia seli imetoka thairoidi, hazikuambii ni kansa au siyo, maana hata seli ya thairoidi isiyo na ugonjwa inazo. Kazi yake ni kwenye tezi la limfu, au mfupa. Medula inashika kalsitonini na CEA, thairoglobulini hasi. Ukiipata simu ipigwe siku hiyohiyo, kwa sababu karibu robo ya medula ni za kurithi kupitia jini ya RET, ndugu wanatakiwa kupimwa, na kabla ya upasuaji mwingine wowote mgonjwa achunguzwe uvimbe wa tezi ya adrenali, presha inaweza kupanda ghafla akiwa mezani. Anaplastiki mara nyingi imeshapoteza TTF-1 na thairoglobulini, PAX8 inaweza kubaki, Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika) inakuwa juu sana.

Hatua ya sita: kama unatuma Dar

Hospitali kama Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao zinapasua, ila bloku mara nyingi inasafiri kwenda Muhimbili au maabara nyingine ya Dar kupakwa IHC. Tuma bloku bora siyo bloku yoyote, yaani ile yenye uvimbe, kapsuli na tezi ya kawaida kwa pamoja, hiyo tezi ya kawaida itakuwa kontroli yako ya ndani. Ambatanisha slaidi ya H&E na fomu iliyojazwa kweli: umri, jinsia, ukubwa wa kinundu, TSH, majibu ya sindano, ndugu mwenye historia, aliwahi kupigwa mionzi ya shingo au la, nini kimetolewa. Fomu iliyoandikwa goita tu, nukta, inamfunga mikono anayesoma.

Nta yetu inayeyuka kwenye nyuzi 56 mpaka 60 hivi, na inalainika kabla ya hapo. Bloku zikiwekwa kwenye dashibodi ya basi linalotoka Mtwara asubuhi, jua linapiga kioo mchana kutwa, zinafika zimebonyea na kinyama kimehama. Zifunge kwenye karatasi laini, zipange kwenye boksi gumu, zikae chini ya siti kwenye kivuli, na mpe kondakta namba ya mpokeaji iliyoandikwa kwa wino usiofutika. Usitume slaidi zilizokatwa tayari kama unaweza kutuma bloku, slaidi tupu zinapoteza nguvu ya antijeni zikikaa.

Hatua ya saba: kupaka, kwa wanaofanya wenyewe

Kata mikroni 4 kwenye slaidi zenye chaji, weka oveni nyuzi 60 kwa saa moja. Ondoa nta kwa zailini, shuka kwa alkoholi mpaka maji. Fungua antijeni kwa joto, bafa ya sitrati pH 6 au Tris-EDTA pH 9, nyuzi 95 mpaka 98 kwa dakika 20 hadi 40, uamuzi wa pH ufuate karatasi ya antibodi na majaribio yako. Acha ipoe ndani ya bafa dakika 20. Zuia peroksidi ya kinyama kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 dakika 10. Antibodi ya kwanza, kawaida nusu saa mpaka saa nzima, ndani ya kiboksi chenye unyevu, maana slaidi ikikauka kingo zote zinashika rangi ya uongo. Osha kwa TBS yenye Tween (bafa ya kuoshea yenye sabuni kidogo). Polima yenye HRP (kimeng'enya kinacholeta rangi) nusu saa. Osha. DAB dakika 5, ukiangalia slaidi ya kontroli, glavu mkononi. Maji, hematoksilini kidogo tu ili isifunike TTF-1, alkoholi, zailini, funika.

Usitumie mfumo wa zamani wa avidini na bayotini kwenye thairoidi. Seli za onkositi zimejaa bayotini yake zenyewe, ukishachemsha slaidi hiyo bayotini inafunguka na inashika rangi hata bila antibodi, ndo maana zamani onkositi nyingi zilionekana chanya za kila kitu. Polima haina shida hiyo.

Antibodi mpya ikifika ijaribu kwa kuipunguza, 1 kwa 50, 1 kwa 100, 1 kwa 200, 1 kwa 400, chagua ile ambayo papilari inang'aa na tezi ya kawaida iko safi. Halafu ithibitishe kwa kesi 10 unazojua ni chanya na 10 unazojua ni hasi, kutoka kwenye bloku zako mwenyewe za huku, na fomalini yako mwenyewe. Itunze nyuzi 2 hadi 8, igawe kwenye vichupa vidogo, andika joto la friji asubuhi na jioni, na umeme ukikatika muda mrefu rudia kontroli kabla hujampaka mgonjwa. Kila mzunguko uwe na slaidi ya papilari inayojulikana, na slaidi moja ya mgonjwa isiyopewa antibodi ya kwanza.

Hatua ya nane: kusoma

Anza na kontroli. Kontroli ikifeli usisome hata kama ya mgonjwa imependeza.

Kisha uliza maswali matatu kwa kila antibodi, imeshika wapi kwenye seli, seli ngapi, kwa ukali gani. Maabara nyingi zinachukua zaidi ya asilimia 10 ya seli kuwa chanya, sawa, ila usiandike chanya ukanyamaza, asilimia 15 ya unyonge na asilimia 90 ya kukolea ni vitu viwili tofauti kabisa. Kingo za kinyama, sehemu zilizooza, na seli zilizopondwa usizihesabu.

Zikiwa galektini-3, HBME-1 na CK19 zote zimeenea kwa nguvu na CD56 imepotea, rudi kwenye H&E utafute viini vya papilari kwa makini, mara nyingi utavikuta sehemu ulizopita haraka. Zikiwa tatu zote hasi na CD56 ipo, na kapsuli nzima, na viini vimetulia, hiyo adenoma au kinundu cha goita, mwache mgonjwa aende nyumbani. Galektini na HBME-1 zikishika, CK19 ikiwa nyonge, viini havina sifa, hapo ndo kapsuli inakatwa tena, omba leveli (mikato) za ndani zaidi kwenye kila bloku yenye kapsuli iliyobonyea au kuvimba, na kama unashuku seli ziko ndani ya mshipa paka CD31 au ERG uone ukuta wa mshipa. Ukipata uvamizi ni kansa ya folikula. Usipoupata baada ya kapsuli yote kwisha, alama chanya haziibadilishi adenoma kuwa kansa. Na kinyume chake pia, kuna kansa za folikula zenye uvamizi wa wazi ambazo zote tatu ni hasi, uvamizi ndo unaoshinda.

Hatua ya tisa: andika majibu mtu ayaelewe

Mzee mmoja wa Newala aliwahi kunifuata dirishani na karatasi imekunjwa mara nne, akaweka kidole kwenye mstari. "Mwanangu, hapa wameandika chanya mara mbili. Mama yenu ndo basi tena?" Nikamwambia shikamoo baba, kaa kwanza. Chanya zenyewe zilikuwa CD56, ambayo kwa mkewe ilikuwa habari njema, na CK19 ya unyonge kandokando ya damu iliyovuja. Mkewe alikuwa na adenoma. Yule mzee alikuwa amelala siku zote za safari na neno chanya kifuani, tena neno ambalo kwa watu wetu lina historia yake na ugonjwa mwingine.

Kwa hiyo hitimisho liwe mstari wa kwanza juu, kwa maneno kamili, alama zifuate chini. Mfano: Adenoma ya folikula, siyo kansa, imetolewa yote. Kapsuli yote imekaguliwa, uvamizi wa kapsuli na wa mishipa haukuonekana. Viini havina sifa za papilari. Galektini-3 hasi, HBME-1 hasi, CK19 nyonge chini ya asilimia 10, CD56 imebaki, mpangilio huu unaendana na uvimbe usio kansa.

Pale ambapo kapsuli haikuletwa yote, au kinyama kiliharibika, liandikwe hivyo wazi na usilifunike kwa orodha ndefu ya antibodi. Kuna jina halali la uvimbe wa folikula ambao uwezo wake wa kuwa kansa hauna uhakika, ule ambao uvamizi wake una utata hata baada ya kukagua, litumike kwa hao tu, na mgonjwa apewe tarehe ya kurudi kwa ultrasaundi ya shingo.

Namba ya bloku iandikwe kwenye cheti cha mgonjwa mwenyewe, siyo kwenye rejista ya maabara peke yake. Bloku ikitunzwa sehemu kavu isiyo na joto wala panya inadumu miaka na miaka, na siku akipata uvimbe mwingine, au akihamia kwa mwanawe Dar, daktari wa huko ataweza kuiomba ipakwe upya badala ya kuanza kumchoma sindano tena.